Nani Kasema Anaendelea Vizuri?

Faili la dada yangu ninalo mkononi. Ukurasa wa mwisho una mwandiko wa haraka wa wino wa bluu: uzito umepanda kilo nne, presha ya kawaida, aendelee na dawa, arudi baada ya miezi mitatu. Chini yake kuna maneno mawili: "Anaendelea vizuri."

Nataka kujua nani kasema.

Siku yalipoandikwa maneno hayo mimi nilikuwa naye tangu alfajiri. Nilitoka Kibaha ninakoishi, nikaenda kulala kwake Maneromango, wilayani Kisarawe, ili kukicha nimsindikize kliniki mjini. Ni binti wa mama mkubwa, tumekua sahani moja. Tangu adhuhuri ya siku iliyotangulia hakuwa ametia kitu mdomoni zaidi ya kikombe cha chai ya rangi. Hakuwa amefunga. Ndiyo hesabu yake ya safari: tumbo likilala tupu, njiani litakuwa na kidogo cha kutoa. Kwenye mkoba alipanga kanga mbili za akiba, chupa ya maji, mfuko wa kutilia nguo itakayochafuka na kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye kitambaa. Alipoingia kwenye gari alimwomba kijana aliyekaa jirani na mlango ampishe. Kijana akampisha, shikamoo juu.

Hatujafika Pugu akanibana mkono. Sikuhitaji maelezo. Nikamwita konda, "Kaka, tunaomba kuchimba dawa." Gari zima likageuka kututazama. Konda akagonga bodi, dereva akasimama, Mungu awabariki wote wawili, na mwanamke wa miaka 42 akaingia porini mbio huku ameshika kanga kiunoni. Gongo la Mboto ikabidi tushuke kabisa kutafuta choo cha kulipia. Mlinzi wa choo alikuwa anatafuta chenji. Dada yangu alisimama pale akihesabu pumzi, macho ameyafumba, na mimi nikamwachia yule mlinzi noti nzima.

Kliniki tulisubiri saa nne. Ndani ya chumba alikaa dakika tatu. Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye foleni iliyojaa korido. Akauliza, "Unaendeleaje, mama?" Dada yangu akajibu, "Sijambo, daktari, namshukuru Mungu." Kijana akaandika alichosikia.

Simlaumu kijana yule. Ninalolilaumu ni swali lake, na mfumo mzima uliomfundisha kwamba hilo ndilo swali.

Sisi tumelelewa na salamu. Mtu yuko taabani kitandani, mgeni anaingia, anauliza "Hujambo?" na mgonjwa anajibu "Sijambo." Anaulizwa wa nyumbani, anajibu hawajambo. Anaulizwa watoto, anajibu hawajambo. Salamu zikiisha ndipo mgonjwa anaposema, "Ila homa hii haijaniacha tangu juzi." Kwetu jambo linakuja baada ya sijambo. Kila mwenye Kiswahili anazijua ngazi hizo, anajua kwamba ya kwanza ni adabu na ya mwisho ndiyo habari. Hospitali zetu zimesimama kwenye ngazi ya kwanza, zimelichukua jibu la salamu zikaliandika kwenye faili kama kipimo. Halafu mwisho wa mwaka zinajumlisha "anaendelea vizuri" zote na kusema tumetibu.

Na huyo anayeulizwa ni mwanamke wa Kizaramo mbele ya kijana anayelingana na mwanawe. Anachoumwa ni choo. Lugha yenyewe imekifunika: tunasema haja, tunasema kujisaidia, tunasema kutoka nje. Unategemea aanze mwenyewe kusimulia damu na kamasi, kanga zilizochafuka, na mume aliyehamia chumba cha pili? Hatasema. Ataaga kwa heshima, atapanda gari tena bila kula.

Ugonjwa wake unaitwa kolaitisi ya vidonda. Kinga ya mwili, iliyowekwa kupambana na vijidudu, inaugeukia utumbo mpana. Ngozi ya ndani inavimba, inachubuka, inavuja damu. Nduguye ni ugonjwa wa Crohn, ambao unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa na kula tabaka zote za utumbo. Yote mawili huja kwa mawimbi: miezi ya utulivu, kisha moto unawaka upya bila taarifa. Hayaambukizi. Nalirudia hilo kwa sababu ya majirani, na nitalirudia tena popote nitakapopewa nafasi: hayaambukizi. Kidonge cha kuyamaliza hakipo, lakini vya kuyatuliza vipo, salfasalazini, mesalazini, azathioprini, na prednisoloni pale moto unapowaka.

Dada yangu alikaa miaka mitatu kabla ya kufikia jina hilo. Aliambiwa amiba. Kisha akaambiwa amiba sugu. Akaambiwa taifodi, akaambiwa minyoo, shangazi akasema ni chango, akapelekwa kwa mganga akarudi na hirizi. Metronidazoli alizomeza sijui zingejaza debe gani. Walioanza na amiba siwalaumu: amiba ipo kweli Pwani, nayo hutoa choo cha damu vilevile, na daktari makini lazima aiondoe kwenye orodha kwanza, kwa sababu ukimpa prednisoloni mtu mwenye amiba unaweza kumuua. Kuanza na amiba ni haki. Kuendelea nayo miaka mitatu, mgonjwa akirudi kila mwezi na damu ile ile, ni kutokusikiliza.

Sehemu ya uziwi huo ina historia. Hugh Trowell, daktari aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa miaka mingi, alitoa kitabu mwaka 1960 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika, na kolaitisi ya vidonda aliiweka miongoni mwa magonjwa adimu kwa Waafrika. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, akaieneza hoja hiyo miaka ya 1970: ugali wetu na majani yetu, vyakula vyenye makapi mengi, vinatulinda. Walikuwa watu wa kazi, na waliandika walichokiona. Lakini adimu kuonekana na kutokuwepo ni mambo mawili. Mwaka 1966 jarida la madaktari wa Uingereza lilikuwa limeshachapisha habari za Waafrika wanne wenye kolaitisi hiyo, kutoka huko huko Uganda. Watu wanne tu, lakini walikuwepo. Vizazi vya matabibu vikaendelea kufundishwa kwamba ni ugonjwa wa Wazungu, na mtu wa Maneromango akitoa damu, akili inakimbilia amiba.

Hayo ni ya kabla ya matibabu. Leo sitaki kukaa huko, maana ukianza kulalamikia ucheleweshaji kila mtu anatikisa kichwa, anasema pole, na mambo yanaishia hapo. Ninachopigania ni kinachofuata. Mtu ameshapata jina la ugonjwa, ameshapata dawa, anahudhuria kliniki. Huyo tunamhesabu amepona, au ametulia, au "anaendelea vizuri", kwa kipimo gani?

Kipimo kipo, tena si cha jana. Mwaka 1989 Gordon Guyatt na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada walichapisha dodoso la maswali 32 kwa ajili ya wagonjwa hawa hasa. Hawakukaa ofisini wakayabuni. Walianza kwa kuwauliza wagonjwa wenyewe ni mambo gani yanawasumbua, wakayachuja. Yakabaki yanayogusa tumbo na choo, yanayogusa mwili mzima, uchovu na usingizi, yanayogusa moyo, na yanayogusa maisha na watu wengine. Kila swali lina ngazi saba. Mwenye hali mbaya kabisa hupata alama 32, asiye na tatizo lolote hupata 224, na majaribio mengi ya dawa huchukulia kwamba kuanzia 170 ugonjwa umetulia. Mwaka 1996 dodoso fupi likatoka, maswali 10 tu. Na mwaka 2021 jopo la kimataifa la mabingwa wa magonjwa haya liliporudia kuandika malengo ya matibabu, pamoja na utumbo kupona kwa macho ya kamera, liliweka wazi lengo la mbali: mgonjwa arudishiwe ubora wa maisha yake, asibaki na ulemavu. Hilo limeandikwa kama shabaha ya tiba, sawa na kukata damu.

Kwa shabaha hiyo dada yangu hajatibiwa. Ameanza kutibiwa.

Na zile kilo nne zilizoandikwa kama habari njema? Ni za prednisoloni. Dawa ile huamsha njaa, huzuia maji mwilini, huujaza uso ukawa duara kama sahani. Kijijini wakamwona, wakashangilia: "Umenawiri! Umepona kabisa!" Wenzake walimshika mashavu. Usiku alikuwa halali, moyo unamwenda mbio, viungo vinauma, na alfajiri alikuwa ameshakwenda nje mara tano. Mzani wa kliniki ulidanganyika kama majirani walivyodanganyika. Mzani haujui kuuliza.

Watu wa utafiti hapa nchini hawawezi kusema jambo hili ni geni. Dodoso kubwa la hali ya maisha linalotumika duniani kote, lenye vipengele 36, lilitafsiriwa kwa Kiswahili likapimwa kwa wakazi wa Dar es Salaam, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Robo karne imepita. Dodoso lile katika asili yake ya Kimarekani linauliza kama afya yako inakuzuia kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu. Mtafsiri yeyote mwenye akili lazima asimame hapo, aweke kalamu chini, ajiulize: mtu wa Mzenga, wa Chole, wa Visiga, anajijua mzima kwa lipi?

Hilo ni swali la kazi, linataka mtu aende akakae na watu. Nimekaa nao. Nitasema niliyoyaona.

Kwanza maji. Madodoso ya Ulaya na Marekani yanauliza kama unahofia kukosa choo karibu. Kwao hofu ni mlango; nyuma ya mlango maji yapo. Kwetu uulize choo kiko hatua ngapi kutoka kitandani, usiku kuna taa, ni cha familia au cha wapangaji sita, na maji yanatoka wapi. Maji ya Ruvu yanasafishwa Mlandizi, huku kwetu Kibaha, na mwaka 2020 bomba liliyafikisha Kisarawe mjini kupitia Kibamba. Nilishukuru siku ile na bado nashukuru. Nyumbani kwa dada yangu, hata hivyo, maji bado ni ya dumu. Siku ya moto anatoka mara kumi na mbili. Dumu zima la lita 20 linaishia chooni, na la pili linaanzwa kwa kufua. Anayelibeba dumu hilo ni binti yake wa darasa la sita, kabla ya kwenda shule. Ugonjwa wa mama umo kwenye shingo ya mtoto, na hakuna karatasi ya hospitali iliyowahi kuuona.

Kisha sala. Sijaona dodoso la kigeni linalouliza udhu. Dada yangu anatia udhu, anatandika mswala, anafika rakaa ya pili, tumbo linakata, anatoka. Anarudi, anatia tena. Kuna magharibi moja nimemwona akitia udhu mara tatu, mara ya tatu machozi yanamtoka pamoja na maji ya kunawa. Ukitaka kujua kama salfasalazini inafanya kazi kwa mwanamke wa Kisarawe, muulize amesali sala ngapi wiki hii bila kukatiza. Atakujibu bila kuona haya, kwa sababu hilo anaruhusiwa kulisema, na jibu lake litakuwa sahihi kuliko mzani wowote. Mwulize pia Ramadhani alifunga siku ngapi na kadha zimefika ngapi. Mkristo wa Mkuza naye muulize kama anakaa benchi la mwisho kanisani au la mbele.

Kazi. Alikuwa anauza vitumbua. Saa kumi na moja alfajiri yuko jikoni, saa mbili asubuhi vimekwisha. Siku neno lilipozagaa kwamba anaendesha, biashara ilikufa ndani ya wiki moja. Hakuna aliyemtukana. Walipita tu upande wa pili wa njia. Sasa anasuka ukili, anashona mikeka, kazi inayomruhusu kukaa hatua kumi na tano kutoka chooni. Mkeka mmoja humla siku nyingi kwa pesa ambayo vitumbua vilimpa asubuhi chache. Hiyo nayo ni alama ya ugonjwa, tena inahesabika kwa shilingi.

Shughuli. Mwanamke wa Pwani asiyeonekana kwenye shughuli amekufa nusu. Ngoma ya mwali, arobaini, harusi, maulidi, kote huko unakaa chini kwenye mkeka katikati ya wenzako mmebanana, na kuinuka kila robo saa ni kutangaza. Dada yangu anatuma mchango wake, haendi. Wenzake walianza kusema anaringa.

Na unyumba. Dodoso la Guyatt linauliza, na linafanya haki kuuliza. Lakini ukimtuma kijana wa mafunzo na karatasi amuulize mama mtu mzima kuhusu tendo la ndoa, umeharibu kipimo na umemvunjia mtu heshima. Pwani ina kungwi na somo. Tunajua tangu zamani nani anazungumza na nani, wapi, kwa sauti gani. Mwuguzi mwanamke, mtu mzima, mlango umefungwa, aanze na "mwenzangu", atapata jibu. Mwanaume naye aulizwe na mwanaume. Hilo halihitaji fedha ya mfadhili. Linahitaji heshima, na heshima tunayo.

Nasikia wanavyonijibu. Muda hatuna. Foleni unaiona.

Naiona. Ndiyo saa nne nilizokaa kwenye benchi. Mgonjwa ana saa nne za kukaa bila kufanya lolote, na nyinyi mna maswali kumi ya dakika tano. Mpeni karatasi benchini. Asiyesoma asomewe na mhudumu wa mapokezi au ndugu aliyemsindikiza, yale ya siri yabaki ya mwuguzi. Akiingia kwa daktari, aingie na namba. Zile dakika tatu zitaanza mahali penye maana. Foleni mnayoisema ndiyo muda wenyewe.

Wengine wanasema: dawa zenyewe za shida, kamera za shida, wewe unataka maswali. Hili jibu linanikera kuliko yote, kwa sababu linaonekana la busara. Fungua kitabu cha wagonjwa wa nje cha MTUHA, mfumo wa serikali wa kukusanya takwimu za afya. Kila kinachohesabiwa kina safu yake. Dada yangu anaingia kwenye mengineyo. Mwezi ukiisha, mengineyo yanajumlishwa na kupelekwa wilayani, kutoka wilayani mkoani, kutoka mkoani wizarani, na hakuna mkutano wa bajeti uliowahi kuomba fedha kwa ajili ya mengineyo. Salfasalazini na azathioprini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2019 orodha hiyo ikaongeza hata dawa za kibayolojia, zile za sindano za gharama kubwa, ugonjwa wa Crohn ukiwa miongoni mwa magonjwa yaliyotajwa. Nchi inachagua ipi inunue, kiasi gani, ifike wapi. Inachagua kwa takwimu. Mgonjwa ambaye faili lake linasema "anaendelea vizuri" hana hoja ya kuongezewa kitu. Tumemnyamazisha kwa mwandiko wetu wenyewe, kisha tunasema hakuna mahitaji.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Kitita cha huduma ndicho kinachosema nani analipiwa nini. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, iliyokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, iliwekewa ukomo wake kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa Kibaha na Kisarawe maana yake ilikuwa Tumbi. Ukivuka hapo ilikuwa mfuko wako. Ugonjwa wa maisha yote, wenye kamera, vipimo vya nyama na bingwa, hauishii Tumbi. Wanaokaa kupanga vitita wanauliza ugonjwa unaua wangapi. Huu hauui wengi kwa haraka. Unamtoa mtu kwenye biashara, kwenye mswala, kwenye harusi, kwenye kitanda cha ndoa, unamwacha anapumua. Bila namba ya hayo, atakayekatwa kwenye kitita anajulikana tayari.

Na msiniambie haiwezekani katika mazingira yetu. Watu wa tiba shufaa wameshalifanya. Dodoso la Kiafrika la tiba shufaa, lililojaribiwa katika nchi kadhaa za bara hili na kuchapishwa mwaka 2010, lina maswali kumi, saba kwa mgonjwa na matatu kwa anayemuuguza. Linauliza maumivu, linauliza wasiwasi, linauliza kama mtu ana amani moyoni, linauliza kama familia imepata msaada wa kutosha. Majibu ni sifuri hadi tano, na asiyeweza kusoma wala kuandika anaonyesha kwa vidole vya mkono wake: ngumi ni sifuri, kiganja wazi ni tano. Tumejifunza kumuuliza vizuri anayekaribia kutuaga. Mwenye miaka 42, aliye na umri mwingine kama huo mbele yake, tunamuuliza "Unaendeleaje, mama?"

Hapa Kibaha tunacho kila kinachohitajika kuanza. Kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, na jirani yake kuna chuo kinachotoa maofisa tabibu, ndani ya Shirika la Elimu lililotokana na mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963 na kukabidhiwa serikalini mwaka 1970. Mradi ule uliletwa kupigana na ujinga, umaskini na maradhi kwa pamoja, na walioupanga walijua vitu hivyo havitengani. Nataka mwanafunzi wa chuo kile atoke akijua kupima ubora wa maisha kama anavyojua kupima presha. Nataka atumwe Msanga na Marumbo na Soga, akae na watu, aandike maneno wanayosema wao wenyewe, tumbo kukata, tumbo kusokota, kubanwa, kuishiwa nguvu, moyo kuwa mzito, na dodoso la Kiswahili lijengwe kwa maneno hayo. Liwe na udhu ndani yake. Liwe na dumu la maji. Liwe na siti ya mlangoni. Kisha lijaribiwe kwa utaratibu wote wa kitaalamu, lirudiwe, lirekebishwe, mpaka namba yake iaminike Muhimbili na iaminike Geneva. Na likijazwa, lisibaki kwenye kompyuta ya mtafiti kusubiri shahada yake ya uzamivu. Likae kwenye faili, na alama zikishuka daktari alazimike kuandika amebadilisha nini.

Jumapili iliyopita nilikuwa Maneromango. Tulikaa chini ya mwembe, yeye na ukili wake, mimi na daftari. Niliandika maswali kumi yangu mwenyewe. Mimi si mtaalamu, na karatasi yangu haina hadhi ya kitabibu. Nilimwambia ajibu kwa vidole. Maumivu ya tumbo wiki hii: vitatu. Usingizi: viwili. Sala ulizomaliza bila kukatiza: tulihesabu kwa pamoja, tukakosana, tukahesabu upya, tukapata kumi na moja kati ya thelathini na tano. Swali la unyumba nililiruka. Hilo atamuuliza dada wa zamu, mimi ni kaka yake.

Swali la mwisho lilikuwa hili: katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi umetoka nyumbani bila kwanza kufikiria choo kiko wapi?

Akaacha kusuka. Akainua ngumi.

Kisha akaitazama ile ngumi yake kama ya mtu mwingine, akasema, "Ngoja. Alhamisi tulikwenda kuzika. Nilisahau." Akakunjua kidole kimoja.

Nimeyaandika yote kwa mkono, upande mmoja wa karatasi, na tarehe juu. Karatasi nimeibana kwa pini juu ya ule ukurasa wa wino wa bluu, ili iwe ya kwanza kuonekana. Kliniki ni Jumanne ijayo. Nitakuwa naye tangu alfajiri, na daktari akiuliza, dada yangu atajibu sijambo kama alivyolelewa, halafu tutamfungulia faili.